Risasi Nne na Suruali ya Aki Ngumbang

Jumatatu, 8 Februari 1988

Ameingia! Nguruwe mwitu. Dume, kwato kama bakuli. Amekula kona nzima ya mpunga upande wa kijito, na aliposhiba akajikuna kwenye nguzo ya kibanda changu. Nywele zake ziko pale pale. Makopo niliyotundika kwenye kamba ya henzirani ya kufukuzia ndege hakuyajali. Nilivuta kamba, yakalia mawili matatu. Akainua kichwa, akaniangalia, akaendelea kula.

Kona si kitu. Kona nampa. Tatizo ni katikati ya shamba. Pale ndipo ulipo mpunga mwekundu, mpunga wa mlango wetu, maana nyumba yetu ndefu ni moja na kila mlango ni familia. Mbegu nilipewa na mama mkwe, naye alipewa na mama mkwe wake, na hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka majina yanaisha. Hauuzwi. Haupewi mtu. Unakatwa wa mwisho, shamba zima likiwa limekwisha kukatwa, na siwezi kuukata mapema hata nguruwe aje na kijiko. Ukipotea huo, chumba chetu ni mbao na mabati tu. Na atakayekuwa ameupoteza ni mimi, Lemiang.

Siku ya kuukata ni Jumatano ijayo. Siku tisa.

Bunduki ninayo, ya marehemu mume wangu. Mtutu mmoja. Alipokufa polisi walitaka kuichukua. Nikakaa kwenye benchi lao siku mbili na kapu la matunda ya durian, yale yanayonuka, yaliyoiva sana. Siku ya pili alasiri wakagonga muhuri kwa jina langu, haraka. Nawashukuru mpaka leo, walikuwa vijana wapole.

Risasi ninazo nne. Zote za ndege, za ganda la karatasi, marisau yake madogo kama mbegu za papai. Nguruwe akipigwa nayo anadhani mvua imeanza. Risasi za nguruwe, zenye marisau makubwa tisa, sina hata moja, na kibali cha kununua risasi za mwezi huu nimekimaliza.

Aki Ngumbang wa mlango wa pili anazo boksi zima. Anaitwa Aki, babu, kwa sababu ya wajukuu wake, si kwa sababu ya busara. Amesema atanisaidia kwa moyo mkunjufu. Ila kwanza nisimame barazani, mbele ya milango yote kumi na minane, niseme kwamba yeye ana shabaha kuliko alivyokuwa mume wangu. Nimemwambia nitaila hii bunduki kwanza, kwa chumvi.

Namshukuru Petara, Mungu wetu, kwa kona zilizobaki. Ziko tatu.

Jumanne, 9 Februari

Nimefungua risasi moja jikoni, nione kuna nini ndani. Miaka yote natumia, sijawahi kuiuliza ina nini tumboni.

Nimepanga vitu juu ya jani la ndizi. Kitako cha shaba chenye fataki. Baruti. Kisahani cha karatasi. Kizibo kinene cha sufi iliyoshindiliwa. Marisau. Juu kabisa, kifuniko cha karatasi ngumu.

Hicho kifuniko ndicho kilichonitoa machozi. Mume wangu hakuwa anaacha kifuniko cha dukani. Alikuwa anakitoa, anakata chake kwenye boksi la sabuni, anachora kinguruwe kidogo kwa mkaa, anakibandika kwa ubani wa msituni. Alisema marisau lazima yajue yanakwenda kwa nani. Miaka thelathini. Aliacha vifuniko vinne kwenye kopo la tumbaku na sijawahi kuvigusa. Vinne! Na risasi nne! Mtu akiniambia hilo halina maana, atoke jikoni kwangu.

Basi nimepata mpango. Marisau madogo yanatawanyika. Kwa hiyo yasitawanyike. Nimeyeyusha nta ya asali, nikaimimina katikati yake, ikaganda. Sasa ni donge moja. (Baruti niliiweka mbali na moto. Sikwenda shule, lakini nyusi zangu nazipenda.) Juu nikabandika kifuniko cha kwanza cha mume wangu.

Mjukuu wangu Sulau, muuguzi huko Sibu, ndiye aliyenifundisha herufi, kwa mkaa, juu ya ubao wa kukatia samaki. Nikiwa na miaka sitini na mbili! Ndiye pia aliyenipa daftari hili, akasema, Ini, bibi yangu, kila siku andika ulichojifunza. Leo nimejifunza nta.

Jumatano, 10 Februari

Nimetundika mkeka wa zamani, nikachora nguruwe kwa mkaa, saizi yake kabisa. Hatua thelathini. Nikalenga. Nikapiga.

Bega langu! Nikaenda kuangalia mkeka. Mzima. Hata unyasi mmoja haukukatika.

Ng'ambo ya mfereji, kwenye kamba ya nguo ya kibanda cha Aki Ngumbang, suruali yake ya kakhi ilikuwa inazunguka peke yake. Tundu moja. Ukubwa wa yai la bata. Kwenye makalio, katikati kabisa.

Namshukuru Petara mara elfu kwamba hakuwamo.

Alitoka mtoni amejifunga taulo. Akaishika suruali, akaiinua juani, akachungulia kupitia tundu, akaniona upande wa pili. Akauliza, nta? Nikasema nta. Akasema kwamba donge ni jiwe moja, na jiwe moja linataka jicho zuri, na jicho langu mimi ndilo lile lile lililomwona mume wangu likasema huyu ni mzuri.

Nikamwambia alete suruali niishone, na afunge mdomo wake nao nisije nikaushona.

Alhamisi, 11 Februari

Aki Ngumbang amekuja kuchukua suruali. Nimeitia kiraka cha maua mekundu, sikuwa na kitambaa kingine. (Nilikuwa nacho.)

Hakuondoka. Akakaa kwenye ngazi yangu, akatoa risasi mpya ya mjini, akaipasua kwa kisu mbele yangu, ili nione umaskini wangu. Mdomo wa risasi hiyo hauna kifuniko. Umekunjwa wenyewe, kama jani la pandani tunalofungia wali, mikunjo sita inakutana kama nyota. Na ndani marisau hayalali juu ya kizibo. Yamekaa kwenye kikombe cha plastiki, chenye mipasuko ubavuni.

Akaeleza kwa raha zake. Kwenye risasi zako za kizamani, akasema, marisau yanakimbia ndani ya mtutu huku yanasugua chuma. Yanabondeka ubavu, yanakuwa kama mbegu zilizokanyagwa, na kitu kilichobondeka hakiendi moja kwa moja, kinapinda njiani. Kwenye zangu yanasafiri ndani ya kikombe kama watoto kwenye mtumbwi. Yakitoka nje, kikombe kinafunguka kama ua, upepo unakishika, kinabaki nyuma. Marisau yanaendelea mbele pamoja, mazima, yameshikana.

Nikakubali moyoni. Usoni, hapana.

Halafu akaharibu. Akasema hata hivyo ubaya mkubwa ni kile kifuniko changu. Ndicho kinachotangulia, upepo unakigonga kinasimama, marisau yanakikuta mbele yao yanatawanyika pembeni, na pale katikati panabaki tundu ambalo nguruwe mzima anapita bila hata kusema hodi. Kitoe, bibi we.

Nikasema mume wangu alikiweka miaka thelathini. Akasema ndiyo, na miaka thelathini tulikuwa tunakula nguruwe wangu.

Nikamrushia upawa. Sikukusudia kumpata. Nimempata sikioni. Shabaha ninayo!

Ijumaa, 12 Februari

Asubuhi nzima nimezunguka ukingo wa msitu, pale Aki Ngumbang anapopigia kindi. Nimeokota vikombe vyake vitatu, vilivyokwisha tumika. Nimevisugua kwa majivu. Nimechagua kizuri zaidi, kile kilichofunguka vizuri kama ua.

Mpango wa pili: kikombe ndani ya risasi yangu ya pili. Na nikaongeza akili yangu mwenyewe. Kama ubaya ni kusuguana, basi nimejaza unga wa mchele katikati ya marisau, yakae kwa starehe, kama mayai kwenye pumba. Juu, kifuniko cha pili cha mume wangu. Nimekibandika vizuri sana.

Nikapiga.

Wingu jeupe! Sikuona mkeka, sikuona shamba, sikuiona hata bunduki. Aki Ngumbang akaja mbio na ndoo ya maji, amevaa kiraka chake cha maua, akidhani kibanda kinaungua. Akanimwagia. Unga na maji. Nikawa uji.

Wingu likaondoka tukaenda kuangalia mkeka, wote wawili. Marisau yalikuwa yamempata nguruwe pande zote. Juu ya mgongo, chini ya tumbo, mbele ya pua, nyuma ya mkia. Yote yamemzunguka. Juu ya nguruwe mwenyewe, hata moja.

Aki Ngumbang akasema, umemvisha shanga.

Akasema tena kikombe kikishafunguka mara moja hakishiki kitu, ni ua lililochanua, na kwamba juu ya hayo yote ni kifuniko, kifuniko, kifuniko. Nikasema asante kwa maji. Kwa kweli nilimshukuru. Hakuna aliyewahi kunikimbilia na ndoo tangu mume wangu.

Risasi mbili.

Jumamosi, 13 Februari

Alfajiri nguruwe amekuja. Kashapita mpunga mweupe. Amebakisha hatua kumi kufika kwenye mwekundu. Kumi! Nimezipima kwa miguu yangu.

Nilikuwa kibandani, tayari kabisa. Nikachukua risasi ya tatu, nikaiingiza kwenye mtutu. Haikuingia. Karatasi imevimba kwa unyevu. Nikasukuma kwa gumba. Nikasukuma kwa kisigino. Nguruwe alikuwa akitafuna na kunisikiliza. Mwishoni nikamrushia kandambili. Akainusa, akaondoka nayo.

Niliketi pale nikatazama mpunga mwekundu unavyoinama. Mwaka ule wa mafuriko mama mkwe aliibeba mbegu hii kichwani, maji yakiwa yamemfika shingoni. Mimi maji sina. Nina nguruwe mmoja tu.

Namshukuru Petara kwa hatua kumi, na kwa kandambili iliyobaki. Mguu wa kushoto ndio unaoniuma zaidi, na ya huo ndiyo iliyobaki.

Jumapili, 14 Februari

Mpango wa tatu. Huu ulikuwa wa akili kuliko yote.

Alasiri nimechukua gudulia la tuak, pombe yetu ya mchele, nikaenda kwa Aki Ngumbang, kumwomba radhi kwa sikio lake. Nia yangu: anywe, asinzie, mkoba wake wa risasi unaning'inia mlangoni, nichukue moja. Moja tu. Mwezi ujao namrudishia.

Alifurahi. Akamimina. Kwa desturi mgeni haachwi anywe peke yake, wala mwenyeji. Tukanywa. Tukamzungumza mume wangu, siku alipomfukuza dubu kwa sufuria. Tukamzungumza marehemu mkewe, alivyokuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Nikamimina. Yeye macho makavu kama mchana. Mimi baraza likaanza kutembea. Nikajisemea sasa hivi, Lemiang, sasa hivi. Nikapitisha mkono mkobani, nikashika, nikaficha kwenye sarong.

Akanirudisha mpaka mlangoni kwangu, amenishika kiwiko. Akaniambia nilale salama, na kesho nimrudishie kiko chake.

Nikatoa. Ni kiko! Nilikuwa nimeiba kiko.

Basi. Imebaki risasi moja. Nimeianika juu ya dari la jiko ikauke, nikafungua mdomo wake, nikatoa kifuniko cha dukani. Nikawaza maneno ya Aki Ngumbang kwa muda mrefu. Huenda ni kweli. Huenda kifuniko ndicho kinachotoboa katikati. Nikakishika cha mume wangu kwenye vidole. Kile kinguruwe alikichora mkia umejikunja, na jicho moja linacheka.

Nikakibandika.

Jumatatu, 15 Februari

Naandika haraka, nisisahau kitu.

Alfajiri, mwanga ndio kwanza unaingia, ndege wa mkono wa kulia akalia, ishara njema. Na yeye akatokea. Akaja moja kwa moja, bila haya, akasimama kwenye mpunga mwekundu. Akafungua mdomo. Shuke la kwanza likainama.

Nikainuka. Risasi ikaingia vizuri, kavu kama chapati. Nikamlenga katikati ya ubavu. Nikamtaja mume wangu kwa jina. Nikavuta.

Marisau yakafanya kama Ijumaa. Yakatawanyika pande zote. Katikati, tundu. Ndani ya tundu, nguruwe, mzima, hata unywele haukuguswa.

Lakini makopo! Kamba nzima ya makopo, pale nyuma yake, na mianzi, na sufuria mbovu, na mfuniko wa pipa! Kila risau likapata kopo lake. Vyote vikalia kwa pamoja. Sijawahi kusikia kitu kama kile, hata siku ya harusi yangu. Nguruwe akaruka juu kwa miguu minne, akageuka hewani, akakimbia kuelekea msituni kama anayeitwa.

Na kule ukingoni, nyuma ya gogo, mlio mmoja. Mmoja tu. Mfupi.

Kimya.

Nilipofika nguruwe alikuwa amelala kando ya kijito, nje ya mpunga. Na Aki Ngumbang alikuwa amesimama pale na bunduki. Chini palikuwa na mkeka wake mdogo, chupa ya chai, maganda ya mihogo. Majani yamelala kabisa. Si majani ya kukaliwa asubuhi moja. Suruali imelowa umande mpaka kiunoni, maua ya kiraka yamekolea rangi.

Nikamuuliza amekaa pale tangu lini. Akasema alikuwa anasubiri kindi. Nikamwambia kindi hawaji saa kumi na moja alfajiri. Akasema kindi wa siku hizi wamebadilika. Nikauliza tena. Akaangalia kijito akasema kila alfajiri tangu ule unga wa Ijumaa, kwa sababu aliona naye mpunga ule hauwezi kusubiri mimi niseme maneno barazani; Jumamosi nguruwe alitokea upande mwingine.

Nikakaa chini, nikalia. Akanimiminia chai. Ilikuwa ya baridi na tamu mno. Nimeinywa yote.

Mpunga mwekundu: shuke moja limevunjika. Moja.

Jumanne, 16 Februari

Nyama imegawanywa barazani. Mafungu kumi na manane, sawa kwa sawa, na la mjane wa mlango wa mwisho likaongezwa mafuta. Kichwa ni cha aliyepiga. Aki Ngumbang akakibeba kichwa, akapita mlango wake, akakiweka mlangoni kwangu. Akasema nguruwe mwenyewe alishakufa kwa woga wa makopo, yeye alimalizia tu.

Basi nikasimama. Milango yote kumi na minane inatazama. Tuai Rumah Ugil, mkuu wa nyumba yetu, akaacha kutafuna tambuu. Nikasema kwa sauti kwamba Aki Ngumbang ndiye mwenye shabaha kuliko wanaume wote walio hai.

Watu wakaanza kucheka mmoja mmoja, kadiri neno la mwisho lilivyowafikia. Aki Ngumbang akacheka wa mwisho, na zaidi ya wote. Akasema anakubali, hai na hai washindane, marehemu apumzike na ushindi wake.

Namshukuru mtu huyu. Nimeandika hapa kwa sababu kumwambia siwezi, atavimba.

Jumatano, 17 Februari

Nimeukata. Kwa kisu kidogo cha mkononi, shuke kwa shuke, tangu jua kuchomoza. Lile lililovunjika nimelikata la kwanza, nikaliomba radhi. Mbegu ziko kwenye kapu lake, juu ya mahali ninapolaza kichwa. Sulau akija Gawai, sikukuu ya mavuno, nitamwonyesha linavyobebwa, maana baada yangu ni lake.

Asante, Petara. Asante, mama mkwe. Asante, makopo.

Jioni Aki Ngumbang amebisha hodi. Amenipa zawadi: risasi tano mpya za nguruwe, kutoka kwenye kibali chake mwenyewe, vikombe vya plastiki ndani, midomo imekunjwa nyota. Akasema, bibi we, hizi hazitaki kitu. Usiongeze. Usipunguze. Weka kwenye mtutu, vuta. Akanitaka niahidi. Nikaahidi kwa machozi, nikamshika mikono yote miwili, nikampa mkia wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi na nusu ya gudulia.

Ni risasi nzuri mno. Nimezipanga juu ya jani la ndizi nikazitazama. Tano, zinang'aa. Na nikaona kwamba hazijui zinakwenda kwa nani.

Kifuniko cha mume wangu kimebaki kimoja, cha ile risasi iliyovimba. Nimekiweka juu ya boksi la sabuni, nikapitisha mkaa kandokando. Nimekata vitano. Vinguruwe vyangu mkia haujikunji vizuri, lakini jicho linacheka.

Sulau, uliniambia niandike kila siku nilichojifunza. Leo nimejifunza kwamba ile mikunjo ya nyota inafunguka kwa urahisi sana, kwa ncha ya kisu. Nne tayari zina vifuniko. Ya tano nimetia na nta kidogo.

Mkeka nimeutundika. Suruali ya Aki Ngumbang iko kambani tena, lakini safari hii upepo uko upande wangu.